Hiyo Fremu Bei Gani?

Wafaransa hawajanikosea kitu. Sijawahi kufika kwao, hawanidai, na ule mkate wao mrefu wa kubebwa kwapani nimeuona kwenye picha tu. Lakini tangu mwezi wa pili mwaka huu, nikisikia neno "Kifaransa" mkono unakwenda wenyewe mfukoni kupapasa kama pochi bado ipo.

Chanzo ni tamthilia ya Kituruki. Wenye wake hawana haja ya kuuliza ipi. Kuna mama mmoja humo, tajiri, mwenye huzuni isiyokwisha, ambaye kila akigombana na mumewe huifuata milango miwili ya vioo, akaishika yote miwili, akaisukuma kwa mpigo mmoja. Pazia jeupe linapepea, mbele yake bahari, naye anasimama pale analia vizuri. Mama watoto aliitazama ile milango wiki tatu bila kusema neno. Wiki ya nne akaniuliza, "Hivi baba, lile dirisha letu la sebuleni lina faida gani?"

Nikajibu kwamba linaingiza hewa. Hapo ndipo nilipokosea. Mume akiulizwa swali la namna hiyo hatakiwi kujibu, anatakiwa kukumbuka kwamba kuna msiba mahali.

"Basi likishuka mpaka chini si litaingiza hewa mara mbili?"

Sisi tunakaa Tabata. Bahari yetu ni tangi la maji la jirani, lita elfu mbili, jeusi, limekaa juu ya mnara wa vyuma likitutazama kama mjumbe anayesubiri mchango. Chini yake kuna banda la kuku na kamba ya kuanikia nguo. Upande wa pili kuna michongoma yetu, na nyuma ya michongoma barabara ya mtaa, ambayo kiangazi ni vumbi na masika ni bwawa. Nikamwuliza mwenzangu, siku akiisukuma hiyo milango atakuwa analia akitazama nini. Akasema yeye hapangi kulia, anapanga kupumzika, na kwamba kuku nao ni viumbe wa Mungu.

Milango ya namna hiyo inaitwa ya Kifaransa, kwa hiyo nikaona niende kwa mtaalamu. Nyumba ya pili kutoka kwetu anakaa ndugu mmoja wa Lubumbashi, muuza vitenge, mtu ambaye hata akipiga chafya inatoka kwa Kifaransa. Nilitegemea aniambie kwamba kitu hicho hakifai kwa nchi za joto. Badala yake alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Mulango ya Kifaransa? Kwetu hiyo tunaita portfenetri. Ni dirisha yenye ilishuka mpaka chini, ndugu yangu, basi." Kumbe mama watoto alikuwa ameshawatafsiri Wafaransa neno kwa neno bila kukanyaga darasa lao. Nikamwuliza: sasa hao wenyewe usiku hawaogopi kulala na ukuta wa kioo? Akasema, "Kuko volé kwa inje. Mbao ya kufunika." Yaani waliobuni kitu chao wenyewe, jioni wanakifunika kwa mbao. Ningekuwa na akili ningerudi nyumbani na taarifa hiyo moja na mjadala ungekufa. Nilirudi na kitenge.

Vikao vikaanza. Shemeji yangu, ambaye hana nyumba lakini ana maoni, alisema tuweke aluminiamu. Fundi wa aluminiamu akaletwa, akapima, akasema milango ya kufunguka nje imepitwa na wakati, siku hizi watu wanaweka ya kuteleza pembeni. Mama watoto akamwangalia kwa huruma. "Fundi, mwanamke akiwa na uchungu anasukuma mlango mbele. Hauburuti pembeni kama anatafuta nguo kabatini." Aluminiamu ikafa hapohapo. Ikaamuliwa mbao, na mbao yenyewe mninga, kwa sababu mninga ukishakauka hautanuki hovyo wala haupindi, na mchwa wanauheshimu. Hayo yote ni kweli, na ndiyo maana bei yake inatamkwa kwa sauti ya chini.

Fundi seremala tukampata kwa kuelekezwa. Kijana mpole, mwenye penseli sikioni. Nikamwuliza kama mbao imekauka. Akaigonga kwa vidole, akatega sikio, akanitazama kama daktari anayeleta habari njema. "Imekauka muda mrefu, bosi." Baada ya hapo akaniomba nusu ya hela kama kianzio, nimtumie kwenye simu, "na ya kutolea, bosi." Fundi yeyote wa jiji hili anaweza kusahau kipimo, rangi na njia ya kuja kwako. Ya kutolea hajawahi kuisahau.

Sasa nieleze hesabu, maana mgogoro wote umelala humo. Dirisha lilikuwa na upana wa futi tano. Tulitaka mlango wa futi sita. Kwa hiyo kazi ilikuwa kung'oa dirisha, kubomoa ukuta ulio chini yake, na kutanua futi moja upande wa kushoto. Mwashi alinihakikishia kwamba hakuna haja ya kumwaga lenta mpya kwa sababu ya zamani imezunguka nyumba nzima, "hata ukitoa ukuta wote huu, bosi, itabaki inaning'inia." Maneno hayo hayakunipa usingizi mzuri. Nikadai iwekwe mirunda ya kuishikilia wakati wa kubomoa. Wakaiweka wakicheka, kisha wakaiandika kwenye gharama bila kucheka.

Aliyepima kwanza alikuwa fundi wa vioo, na fundi wa vioo anaota kwa milimita. Alimwambia mwashi aache uwazi wa elfu moja mia nane. Mwashi akaacha elfu moja mia nane kamili, sijawahi kuona kazi safi kama ile. Seremala naye hajui milimita na hana mpango wa kuzijua. Yeye aliambiwa futi sita, akatengeneza futi sita. Futi sita ni milimita 1,829. Nenda kachukue simu tatu uzipange moja juu ya nyingine, unene utakaoupata unakaribia kabisa ile tofauti. Ni kitu kidogo. Ni kitu kidogo mpaka siku fremu ya mninga inaposhushwa kutoka kwenye guta, imepakwa rangi nyeupe, watoto wote wa mtaa wamekusanyika, na inakataa kuingia.

Lakini nimeruka. Kabla ya siku hiyo kulikuwa na siku ya kubomoa, na kabla ya fremu kufika kulikuwa na usiku kumi na moja.

Siku ya kubomoa, saidia fundi alipiga nyundo ya nne au ya tano kwenye ile futi moja ya kushoto. Ikaruka cheche, kikasikika kitu kama kikohozi, na friji ikanyamaza. Hakuna aliyekuwa amejiuliza ile swichi ya taa ya sebuleni inapata umeme kutoka wapi. Ilikuwa inaupata humohumo, ndani ya bomba la waya lililopita katikati ya tofali. Mimi ndiye niliyeijenga nyumba ile, nilisimama pale miaka tisa iliyopita nikimtazama fundi umeme akiichimbia, nikasahau. Kwa hiyo akaja fundi umeme. Na yeye alihitaji ya kutolea. Leo taa ya sebuleni inawashiwa kwenye korido, mgeni akiingia usiku anapapasa ukuta kama mwizi, sisi tunamwelekeza kwa sauti: "Rudi nyuma! Kushoto kwako! Hapo!"

Usiku kumi na moja ulitokana na seremala, aliyeahidi kuleta mlango Ijumaa bila kutaja ya lini. Sebule ilikuwa na tundu ambalo ng'ombe angeweza kupita bila kuinamisha pembe. Tukatundika turubai. Nikalala kwenye kochi, rungu kifuani, nikilinda runinga. Mbu wa Tabata walitangaziana. Usiku wa sita aliingia paka, akanitazama, akaona hakuna kitu cha maana humo, akatoka. Kila asubuhi nilimpigia seremala.

"Nipo kwenye msasa, bosi, namalizia."

Nyuma yake nasikia konda anaita, "Gongo la Mboto! Gongo la Mboto, mbili za kukaa!"

"Fundi, huo msasa unaupigia ndani ya daladala?"

"Hapana, bosi. Mashine yangu ina kelele."

Basi, turudi kwenye fremu iliyokataa kuingia. Seremala akasema ukuta ni mdogo. Mwashi akasema mlango ni mkubwa. Wote wawili walisema kweli, na hakuna ugomvi mgumu kama huo. Kila mmoja alitoa futi kamba yake kama shahidi anayetoa Kurani. Mwisho mwashi ndiye aliyeshindwa kwa sababu tofali ni rahisi kuliko mninga, akachonga ukuta kidogokidogo kwa tindo, plasta iliyokwishapakwa rangi ikianguka kama maganda ya yai, mpaka fremu ikaingia ikilalamika. Mabawa yakafungwa kwenye bawaba. Mama watoto akatawadha kabisa, akavaa kitenge cha Lubumbashi, akasimama, akashika huku na huku, akasukuma.

Likafunguka la kulia. La kushoto lilikwama kwenye sakafu.

Likapigwa randa, likakaa. Jioni ile tukafunga, tukarudi nyuma kutazama, na katikati, pale mabawa yanapokutana, ikasimama mstari wa mwanga kutoka juu mpaka chini. Mjusi akapita humo bila kubana tumbo. Nikamwita seremala. Akasema milango ya namna hii ndiyo inavyokuwa, lazima "ipumue."

Kesho yake, barazani baada ya swala ya alasiri, nikamsimulia babu mmoja wa Unguja aliyechonga milango tangu ujana wake. Alinisikiliza, halafu akauliza swali moja tu. "Mfaa uko wapi?"

Mfaa ni ule mti wa wima unaogongomelewa kwenye bawa moja ili, milango ikifungwa, ufunike nafasi iliyo katikati. Nenda Mji Mkongwe, kila mlango wa zamani unao, na mara nyingi umenakshiwa kuliko mabawa yenyewe, maana ndio unaosimama mbele ya macho ya mgeni. Babu akaniambia mabawa nayo yana majina, moja dume na moja jike, na kwamba wao walichonga kwa mbambakofi, mti ambao ukiupiga msumari bila kuutoboa kwanza unakunja msumari. Kisha akanyamaza kidogo, akasema, "Kwa hiyo umelipa hela kutengenezewa mlango wa babu yako, ukaambiwa wa Mfaransa, na mfaa wakakunyima."

Nilimpigia seremala palepale, nikamwambia mlango wangu hauna mfaa.

"Mfaa ndiyo nini, bosi?"

Nikazuia shilingi 80,000 zake mpaka ajue ndiyo nini.

Masika yakaja. Hapa nataka kumsifu mwashi wangu. Katika nyumba nzima kuna sehemu moja tu aliyotumia pima maji kwa uaminifu, akapima, akapima tena, akaniita nishuhudie povu limesimama katikati kabisa ya kioo chake, nayo ni kizingiti cha chini. Kilikuwa kimelala sawasawa kama maiti. Kizingiti cha mlango unaotazama nje ndicho kitu pekee katika nyumba kisichotakiwa kulala sawasawa, kinatakiwa kishuke kidogo upande wa nje ili maji yajue kwao ni wapi. Maji yetu hayakuwa na upande. Yalifika kizingitini, yakafikiri, yakaingia. Mvua ya kwanza ililowesha zulia, ya pili ndala zikaelea. Na ile mbao "iliyokauka muda mrefu" ikanywa maji kama ngamia, bawa dume likavimba, likawa halifunguki mpaka ulipige bega. Mke wangu mwembamba. Aliyepiga bega ni mimi.

Vioo navyo vina hadithi. Nilisisitiza viwe vya usalama, vile ambavyo vikivunjika vinakuwa chembe ndogo butu badala ya visu, kwa sababu mlango wa kioo mpaka chini katika nyumba yenye watoto na mpira si jambo la kufanyia ubahili. Hilo sijutii. Ninachojutia ni ushauri wa fundi wa vioo, kwamba viwe vya kuakisi, ambavyo wewe unaona nje na wa nje haoni ndani. Mchana ilikuwa kweli. Wapita njia walisimama, wakajitazama, wakachana nywele. Dada mmoja alipaka wanja wote wa macho mawili huku mimi nipo upande wa pili nakunywa chai, tumeachana kwa inchi tatu. Asichosema fundi ni kwamba kioo kile kinamficha aliye gizani. Jua likizama, ukawasha taa, wewe ndiye unayebaki kwenye mwanga. Niligundua hivyo siku ya Simba na Yanga, dakika ya sabini hivi, niliposikia ngo ngo ngo. Nje kulikuwa na bodaboda nne zimeegeshwa na vijana wamekaa juu yake kwa mpangilio wa jukwaa.

"Mzee, samahani. Ongeza sauti kidogo."

Lakini hata hilo halikunivunja moyo kama lile la fremu. Msomaji anajua kwamba katika nchi hii nyumba yenye milango miwili ya vioo inayotazama barabara ni kitu kimoja tu. Wiki ya kwanza alikuja mtoto na shilingi mia tano akataka mafuta ya kula ya kupima. Nikamwambia hapa si dukani. Akaniangalia, akauangalia mlango, akaniangalia tena, akauliza, "Mmefunga saa ngapi?" Akaja mwingine kutaka vocha. Akaja mama kuuliza kama tunasuka. Jumamosi moja nikiwa na msuli na mswaki nikamkuta dalali kibarazani kwangu, ameleta mteja, anampimia kwa hatua zake. "Hapa dada unaweka viti viwili vya saluni, pale sinki. Eneo limechangamka." Aliponiona hakushtuka hata kidogo. "Mzee, shikamoo. Hiyo fremu bei gani kwa mwezi? Huyu yuko tayari kulipa miezi sita."

Nilimfukuza. Mama watoto aliniuliza mbona nimemfukuza kabla ya kumsikia bei.

Ikaja zamu ya usalama. Mbao na kioo peke yake, mtaani kwetu, ni sawa na kuandika barua ya mwaliko. Fundi wa kuchomelea akaitwa atengeneze grili, nikaenda kazini, nikarudi nikakuta ameshaifunga, nzito, nzuri, nje ya mlango. Mlango unafungukia nje. Mama watoto akashika huku na huku, akasukuma, mabawa yakaenda shubiri moja, yakagonga nondo, yakarudi. Grili ikang'olewa, ikahamishiwa ndani, na nje ikaacha matundu manane ambayo nyuki wameyapokea kwa shukrani. Halafu mbu wakakumbukwa, ukawekwa wavu kwenye fremu yake ya mbao. Halafu vijana wa bodaboda wakakumbukwa, likaja pazia. Si lile jeupe jepesi la kupepea, maana hilo lilionyesha vivuli. Likaja zito la rangi ya kahawa chungu, lenye bitana.

Kwa hiyo leo, mtu aliye ndani akitaka kutoka nje kupitia milango hiyo anafanya hivi. Anavuta pazia. Anafungua wavu. Anafungua kufuli ya juu ya grili, anatafuta ufunguo wa kufuli ya chini, ambao uko kwenye kikombe juu ya friji. Anakunja grili. Anainama kuvuta komeo la chini la bawa jike, anapanda stuli kuvuta la juu. Anazungusha kitasa, anapiga bega bawa dume. Mlango wa jikoni, wa mbao ya paini, niliuweka kwa bei ya mbuzi na unafunguka kwa kuusukuma na goti huku umebeba sufuria.

Alhamisi iliyopita, saa mbili usiku, tulikuwa sebuleni. Taa imewashwa saa kumi jioni, kwa sababu tangu tupate dirisha lililoshuka mpaka chini sebule ina giza kuliko zamani. Tamthilia inaendelea. Kwenye kioo cha runinga yule mama amegombana tena na mumewe, ameshaanza kutembea kuelekea kwenye milango yake. Hapo tukasikia mtu anagonga ya kwetu, kwa nje.

"Hodi! Bosi! Ni mimi, fundi. Nimekuja na mfaa. Nimefuatilia ile elfu themanini."

Nilimtazama mama watoto. Mama watoto alilitazama pazia, akaitazama stuli, akakitazama kikombe juu ya friji.

"Zunguka jikoni, fundi!" akaita.

Kimya kidogo. Kisha sauti ya kijana mpole, yenye wasiwasi wa kikazi: "Kwani huu haufunguki?"

"Unafunguka," akajibu, macho yamerudi kwenye runinga, ambako pazia jeupe lilikuwa linaanza kupepea. "Wewe zunguka tu."